Insha Mbele ya Mama

...na kwa nini asome taratibu hivi, huyu karani, angeweza kupita harakaharaka kama wanavyosoma matangazo ya ndoa kanisani, mama asingeshika hata nusu, lakini hapana, Pankrasi anasoma kama mtangazaji wa redio, akifika kwenye nukta anapumzika, anamtazama mama, anaendelea, "Mama, nikienda mbio uniambie," alimwambia pale mwanzo, na mama akamjibu, "Nenda hivyohivyo, baba, nakusikia," na kweli anasikia, ameinamisha kichwa upande wa sikio la kulia ambalo ndilo zima, mikono ameiweka mapajani juu ya kitenge chake cha kwendea misa, na vidole vyake vinatembea, vinachambua maharage ambayo hayapo, mwenyewe hajui kama vinatembea, miaka saba ya kukaa kwenye ghala pale sokoni akitenga maharage na mawe imevifundisha vidole visitulie, na mimi niko pembeni yake kwenye benchi hilohilo, bega langu linagusa sweta lake, na insha inayosomwa ni yangu, nimeiandika kwa mkono wangu, jina langu liko juu, Oliva Urbani, mwaka wa pili, sheria, na bado ukurasa mmoja na nusu kabla hajafika pale, Mungu wangu, umeme ukatike, simu ya wakili ilie, mtu yeyote apande zile ngazi... hata umeme ukikatika ni saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, atasoma tu. Sikujua kwamba itasomwa, kama ningejua nisingemleta, nilidhani mzazi anaitwa kusaini fomu ya ufadhili, anaandika jina lake, Aurelia, kwa zile herufi zake kubwa, anapewa soda, tunashuka, tunarudi zetu chumbani kwake Lizaboni, lakini Wakili Jane alimsogezea fomu, kisha akairudisha kwake, akasema, "Hapana, mama, sisi hapa hatumsainishi mtu kitu ambacho hajakisikia, kila wiki tunapokea wajane walioweka dole gumba kwenye karatasi wasizozijua, hatuwezi kuwa kama waliowafanyia hivyo, Pankrasi, msomee mama insha ya binti yake, yote, asikie kama ni kweli ndipo asaini," na mama akashukuru, akasema ni vizuri hivyo, ni haki, akajiweka sawa kwenye benchi kama mtu anayesubiri Injili.

"...baba yangu, Urbani, alikuwa mkulima wa mahindi," anasoma Pankrasi, "alifyeka msitu wa bondeni kwa shoka lake mwenyewe, mama akimfuata nyuma kwa kung'oa visiki..." na mama anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, visiki, midomo inataka kutabasamu, hiyo ni kweli, nusu ya kwanza yote ni kweli, niliandika ukweli kwa utulivu kabisa mpaka ilipobidi niingie mimi mwenyewe ndani ya habari. Wakili Jane hasikilizi sana, ameshaisoma, anatia sahihi karatasi nyingine lakini anainua macho mara kwa mara kumtazama mama kwa upole, alinipigia simu chuoni Iringa wiki tatu zilizopita, akasema, "Oliva, tumepokea insha arobaini na moja, ya kwako ndiyo imetutoa machozi, Pankrasi alitoka nje," na mimi nikasema asante, asante sana mheshimiwa, nikakaa kitandani nikajisikia kama nimemeza kokwa. Ofisi hii kila mwaka inamchukua mwanafunzi mmoja wa mkoa huu, mmoja tu, anayetaka kusoma ili asimame na familia, ndivyo ilivyoandikwa kwenye tangazo, wajane, yatima, watoto wanaogombaniwa, inamlipia mpaka amalize, kisha anakuja kufanya kazi hapahapa, kwenye meza ile iliyo dirishani, wameshaniambia ile itakuwa yangu, na mama ataacha ghala. Nilimwambia mwezi huu, mama, ukisaini tu unaacha ghala, akacheka, akasema, "Na vidole hivi nitavipeleka wapi?"

Halafu kuna Majidi, yuko nje ya mlango huu, kwenye kiti cha plastiki, ametoka Nakapanya kwa basi la jana, jina lake ni la pili, wamemwita ili kama la kwanza likishindikana asisafiri mara mbili, tulikaa naye kabla hatujaingia, akamwamkia mama shikamoo kwa mikono miwili, akaniuliza niliandika nini, nikasema, habari za familia tu, akasema, "Mimi sikuwa na habari kubwa, dada, sisi kwetu tumbaku na korosho, nimeandika namna bibi yangu anavyosuluhisha wanandoa pale barazani kwetu, anawapikia kwanza, wakishashiba ndipo anawauliza, nimeona nijifunze sheria nikiwa na moyo ule wa bibi, basi, ndiyo hayo, inshallah," na akaona haya kwa sababu ilikuwa habari ndogo, yeye ndiye aliyeona haya, na mimi nikamwambia hongera, kama mkubwa anayemtia moyo mdogo wake.

"...baba aliugua mwaka ule mvua zilipochelewa. Mama alimuuguza hospitali ya misheni miezi miwili..." Usitazame vidole vyake. Tazama ukuta, kuna kalenda, kuna picha ya wakili amevaa joho jeusi, kuna chupa ya chai, usitazame. Miezi miwili, ndiyo, na siku ile, siku yenyewe, mama hakuwepo chumbani, nilibaki mimi, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na baba akaniita nisogee, pumzi yake ilikuwa inanuka dawa, akasema, polepole lakini vizuri kabisa, "Oliva, sikia, shamba la bondeni ni la mama yako, si la ukoo, nimelifyeka mimi na yeye, kaka yangu akiuliza, mwambie nimesema," nikasema ndiyo baba, akasema, "Rudia," nikarudia, shamba la bondeni ni la mama, akafumba macho, na mama aliporudi baba alimwambia, "Nimeshamwambia mtoto," mama akafuta uso wake kwa upande wa kanga, na baba akakaa siku tatu tu. Kwa hiyo nilisikia. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Hiyo nimeiandika pia, neno kwa neno, Pankrasi anaifikia sasa, "...'Rudia,' aliniambia, nami nikarudia..." na vidole vya mama vinapunguza mwendo, ananitazama, si kwa ukali, ananitazama tu, kama mtu aliyesikia hodi na hana uhakika kama ni kwake, na mimi nauangalia ukuta, kalenda, joho, chupa ya chai.

Kwa sababu hajawahi kuisikia hiyo. Mama hajawahi kunisikia nikisema baba alisema. Alinisikia nikisema kinyume chake, mbele ya watu ishirini. Ee Mungu, ameisikia kwanza kwa Pankrasi.

Baba mkubwa Wendelini alianza siku ya arobaini, kwa adabu, hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele, alisema shamba ni la ukoo, marehemu alikuwa analilima tu, mjane atapewa sehemu ya bustani mpaka atakapoamua mambo yake, na mama akasema hapana, marehemu alisema, akamwambia mtoto, basi wakapelekana baraza la kata, na wiki ile kabla ya baraza baba mkubwa alikuja kunichukua shuleni kwa pikipiki, tukaenda dukani, akaninunulia viatu vyeusi na tranka la bati la bluu, la bweni, akaniketisha kwenye gogo, akasema, "Mwanangu, umefaulu, na shule yenyewe ni ya bweni, nani atakupeleka? Mama yako akipewa shamba, kesho ataolewa, litalimwa na mwanaume usiyemjua, wewe utabaki unapalilia, mimi ndiye baba yako sasa, sikuambii useme uongo, nakuambia tu, mtoto hawezi kukumbuka kila neno la mgonjwa," na hakunitisha, hakunigusa, laiti angenipiga, ningekuwa na kitu cha kuonyesha, lakini alininunulia na andazi, na mimi nikalila lote, nikawa nafungua na kufunga lile tranka njia nzima, lilikuwa na kufuli dogo na funguo mbili...

"...siku ya baraza ilikuwa Jumatano," anasoma Pankrasi. Hapa sasa. Ndiyo hapa. "...Wazee saba walikaa mbele yetu. Mwenyekiti akaniuliza kama nilimsikia baba akitoa shamba. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, nimevaa sketi ya shule. Nilisimama..." na vidole vya mama vimesimama, hivi, pap, kama saa iliyoishiwa betri, vimesimama kabisa juu ya kitenge, sijawahi kuviona vimesimama akiwa macho, "...Nilisimama mbele ya ukoo mzima, nikamtetea mama yangu. Nilisema, ndiyo, nilisikia. Niliyarudia maneno ya baba yote. Lakini hawakunisikiliza, kwa sababu nilikuwa mtoto, na tena wa kike. Mama akanyang'anywa shamba mbele ya macho yangu. Siku ile niliapa kwamba nitakuwa wakili wa wanawake kama yeye..."

Hawakunisikiliza! Walinisikiliza, mama, walinyamaza wote, hata jogoo alinyamaza, na yule mama mzee wa baraza, Mama Ida, alisema mbele ya wote, "Huyu mtoto akisema alisikia, mimi kwangu shauri limekwisha, shamba ni la mjane," na wazee wengine wakasema ndivyo, kwa hiyo walikuwa wameliweka shamba zima mdomoni mwangu, na mimi nikatazama viatu, nikasema, "Sikusikia." Mama Ida akauliza tena, kwa kunibembeleza, "Kumbuka vizuri, mjukuu wangu, hata kidogo hukusikia?" nikasema, "Sikusikia kitu, bibi," na sauti yangu ilikuwa wazi, haikutetemeka, ndiyo maana waliiamini. Na katika insha nikawageuza wale wazee kuwa watu wabaya, nikamgeuza Mama Ida ambaye ameshafariki, ambaye aliniomba nikumbuke, nikamfanya mtu asiyesikiliza watoto, na hapa ofisini watu wakalia.

Sikukusudia, hivyo ndivyo nilivyojiambia, fomu iliuliza tu, eleza siku moja ambayo familia yako ilihitaji mtetezi, na mimi nilikuwa na siku hiyo, nilikuwa nayo kuliko wote arobaini na moja, nikaketi bwenini nikaandika visiki, hospitali, rudia, nikafika kwenye swali la mwenyekiti, na mkono ukaandika, ndiyo, nilisikia, ukaandika tu, kama maji yakipata mteremko, na nikamwona yule msichana amesimama na sketi yake, jasiri, nikampenda, nikalia, ndiyo aibu yenyewe hiyo, si kwamba nilidanganya, nililia huku nadanganya, nilimlilia msichana ambaye hajawahi kuwepo na yule aliyekuwepo sikumwandikia hata mstari. Na asubuhi nikaituma.

Pankrasi anaendelea, kuna aya kuhusu haki, kuna aya kuhusu ndoto yangu, sizisikii, namsikia mama anavyopumua, ana kifua cha vumbi la ghala, kinapiga mluzi kidogo anapovuta hewa. Hakuniuliza kamwe. Tulitoka barazani akabeba kapu lake, tukatembea, hakuniuliza, alipika ugali na likolo, mboga yetu ya majani, akanipakulia mimi kwanza, wiki iliyofuata akafunga vitu vyake akaja mjini kupanga chumba, na mimi nikaenda bweni na tranka la bluu. Baba mkubwa alitimiza, huo ni ukweli mwingine ambao sikuuandika, alilipa miaka yote sita, hakuchelewesha hata muhula, na siku ya wanafunzi kutembelewa mama alikuja na unga wa mahindi na karanga, akamkuta baba mkubwa, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo shemeji, ahsante kwa kumsomesha mtoto," alishukuru, mbele yangu, na baba mkubwa akajibu marahaba huku anatazama pembeni. Lakini si hilo. Hilo nililizoea. Lililonivunja ni lile la mwaka jana, likizo, niko ndani nimelala, mama anaongea na jirani yake Mariana uani wakimenya mihogo, Mariana anasema, na marehemu naye angeandika basi, mama akasema, "Unajua, siku hizi nafikiri hakumwambia mtoto kitu, Urbani, nafikiri alikuwa ananituliza tu, aliniona nalia, mtu anayekufa husema chochote mkewe anyamaze," akachukua muhogo mwingine, akasema, "Simlaumu," na kisu kikaendelea, krr, krr, kwenye ganda la muhogo. Kwa hiyo shamba halikuwa kitu. Shamba ni udongo. Nilimnyang'anya na mume pia, nilimfanya marehemu mwongo ndani ya moyo wa mkewe, alimfyekea msitu na bado mkewe anadhani alimdanganya kitandani pa kufia, na mimi nililala pale ndani nikijifunika shuka, nikajisemea, nikimaliza chuo nitamwambia, nikipata kazi nitamwambia, nikimjengea...

"...ahsanteni," anasoma Pankrasi, "mimi, Oliva Urbani." Anazipanga karatasi, anazigonga mezani zikae sawa, macho yake yamelowa tena, maskini, anasema, "Mama, umezaa," na Wakili Jane anaweka kalamu chini, anaegemea mbele, anasema, "Pole sana, mama yangu, pole kwa yote hayo, sasa nakuuliza, kwa sababu tutaichapa na kuisoma siku ya hafla mbele ya watu, umesikia yote, ndivyo ilivyokuwa?"

 Nje chini fundi cherehani amewasha redio, bodaboda wanaitana, mtu anauza mbasa wa kukaanga anapita akitaja samaki wake, na mama hajibu, na mimi najua kwa nini hajibu, kwa sababu mama hasemi uongo, si kwamba anajaribu kutosema, hawezi, siku ileile ya baraza walimuuliza, wewe mwenyewe ulimsikia mumeo akitoa shamba mbele ya mashahidi, na neno moja tu lingemwokoa, ndiyo, nani angempinga, maiti haisemi, lakini alisema, "Hapana, mimi sikusikia, aliniambia tu kuwa amemwambia mtoto," akanitazama, akakaa chini, akanikabidhi shauri lote. Na sasa anaulizwa tena. Anakitazama kitenge chake, anakinyoosha, anasema, "Alisimama." Wakili anasubiri. "Alikuwa mdogo," anasema mama, anatafuta, namwona anatafuta, anapita katikati ya maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe, anapima jiwe kabla ya kukanyaga, "alikuwa mdogo, amevaa sketi ya shule, na viatu vipya. Walimwita, akasimama. Nilimwona kwa macho yangu. Alisimama peke yake, hana baba." Na ni kweli, kila neno ni kweli, hakuna hata moja la uongo, amenitafutia mahali pembamba pa kupita, mimi na uongo wangu, bila yeye kuchafuka na bila mimi kuanguka, na Wakili Jane anaguswa, anasema, "Inatosha, mama," anamsogezea fomu na kalamu.

Inatosha. Mama anachukua kalamu. Atasaini sasa, maana ninamjua, atasaini kwamba alisimama, moyoni atakuwa anasaini hilo tu, na karatasi itasema mengine, tutashuka, nitapata meza ya dirishani, ataacha ghala, na kila mjane atakayepanda zile ngazi nitamwambia, pole mama, nieleze ukweli... na hafla, watasoma mbele ya watu, mama atakaa mstari wa mbele atasikia tena, nilisikia, nikayarudia maneno ya baba yote, na hatajua, hata hapo hatajua, atafikiri hayo ya hospitali nayo nimeyatunga, ya rudia, ya shoka la baba, kwa nini ayaamini, aliyesema uongo mwisho wa karatasi kwa nini awe mkweli mwanzoni? Hilo ndilo sikulifikiri. Nimeliandika lile neno la kweli, la pekee nililokuwa nalo, la baba, nimelifungia ndani ya uongo, na sasa limelowa lote. Miaka yote hii nimekuwa naogopa kugundulika, na kumbe aliyetakiwa kujua nilichosema anajua, alikuwepo Jumatano ile, anajua mimi ni nani na ananipakulia chakula kwanza, asichokijua ni kwamba baba alisema kweli. Sina cha kuficha kwake. Nina cha kumpa tu, na nimekikalia.

"Mama, usisaini."

Ni sauti yangu hiyo. Imetoka nyembamba, imetetemeka, haikutoka wazi kama ya siku ile. Kalamu ya mama iko juu ya karatasi, imeandika A peke yake. Wakili Jane ananitazama, Pankrasi anatazama karatasi kama vile karatasi ndiyo imesema. "Mheshimiwa," nasema, "mimi sikusema hivyo barazani. Nilisema sikusikia. Wazee walinisikiliza, walinibembeleza, mimi ndiye niliyesema sikusikia, shamba likaenda kwa sababu yangu," na mama ananishika mkono, ananibana, ananiambia kwa Kingoni ninyamaze, kisha kwa Kiswahili ili watu wasimdhanie vibaya, "Alikuwa mtoto, mheshimiwa, msimsikilize, ni uchovu wa safari," na ninasema, "Si uchovu, mama," na Wakili Jane anauliza, taratibu, kama anavyouliza mahakamani labda, "Na baba yako? Alisema au hakusema?" na hapo ndipo ninapogundua kuwa swali hili sikuulizwa na mtu mwingine tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, na kwamba jibu lake si la wakili.

Namgeukia mama. Sijui kama nimepiga magoti au nimeteleza kwenye benchi, lakini uso wake uko juu yangu, "Alisema," namwambia, "baba alisema, mama, hakukutuliza, alisema kweli, na mimi nilisikia," na Wakili Jane amechukua fomu, namwona kwa pembe ya jicho, ameilaza kifudifudi upande wake wa meza bila kelele, basi imekwenda, nyuma ya mlango kiti cha plastiki kinasogea, kitakuwa cha Majidi, na sijutii, ajabu, naona aibu kuanzia kisogoni mpaka kwenye nyayo lakini sijutii, ni aibu ya mtu aliyevuliwa nguo hospitalini, angalau sasa waganga wanaona kidonda kilipo. Mama bado ameshika kalamu. Hakuna anayemnyang'anya. Hanitazami kwa hasira, wala hanifuti machozi, ana haraka ya jambo jingine, uso wake umekuwa wa mwanamke kijana ambaye sijawahi kumwona, anageuka benchini mpaka anaipa meza ya wakili mgongo, ananigeuzia sikio lake zima, anasema, "Wakati gani? Mimi nilikuwa wapi?" na Pankrasi anataka kusema kitu, Wakili Jane anamzuia kwa kiganja, na mama anasema, "Anza mwanzo, usiruke," nami nafuta kamasi kwa mkono wa shati langu nililonunua la kufanyia kazi hapa, ambalo si la kazi tena, naanza, ilikuwa asubuhi, mama, ulikuwa umekwenda kumchemshia uji kwenye yale majiko ya nyuma, kulikuwa na baridi, baba akageuza kichwa akaniita...